Wazee Kumi na Mmoja Walioketi

Miaka minne, tangu waumini wamchague kusimamia ujenzi wa kanisa jipya, Mama Futi hakuwahi kukaa mahali mwili wake wote ukatulia. Hata akiketi kula, mguu mmoja ulikuwa umeshaelekea mlangoni.

Jina hilo walimbandika mafundi. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, na siku ya kwanza alipokwenda kukagua msingi wa uzio alivua futi kamba shingoni akapima mwenyewe. Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu. "Leo tunapimiwa suruali!" Futi ikaonyesha kwamba msingi umepungua inchi tisa. Kicheko kikaisha, jina likabaki.

Kanisa la zamani lilikuwa limechoka. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa unaopitisha mkono, paa lilivuja juu ya kwaya, na kila mvua ikinyesha mahubiri yalishindana na ndoo. Ramani ya jipya ilikuwa na ghorofa mbili: chini madarasa ya watoto na ofisi, juu ukumbi wa ibada wenye madirisha marefu. Mama Futi aliijua ramani ile kama anavyojua mishono ya nguo. Alimsumbua msanifu hadi kwenye ngazi: vidato ishirini na viwili, kila kimoja inchi saba kamili, kisizidi wala kupungua.

Ilibaki idhini ya waumini. Kanisani kwao jambo kubwa halikuamuliwa kwa karatasi. Anayekubali husimama, asiyekubali huketi, na hesabu huandikwa hapo hapo. Jumapili ile wimbo ulikuwa ndio kwanza umekwisha na watu wote wako wima. Mchungaji, aliyekuwa na mazishi ya kuwahi, akaona isiwe taabu. "Wanaokubali tubomoe tujenge upya, wabaki wamesimama."

Mama Futi alihesabu safu kwa safu kwa furaha. Akaandika: waliosimama mia mbili na wanne. Kisha akawaona walioketi, vichwa vyeupe vimetawanyika huku na huko, akaongeza kwa huruma: wazee kumi na mmoja walikaa kupumzika. Makofi yakapigwa. Mkandarasi akaahidi kuleta tingatinga Jumatatu ya wiki iliyofuata, na mabenchi yakahamishiwa chini ya turubai uani.

Alhamisi jioni alikuwa akimchua mamamkwe wake magoti kwa dawa, kama kawaida yake.

"Jumapili yalikusumbua sana, mama, hata ukashindwa kusimama."

"Nani alikwambia nilishindwa?"

"Si nilikuona umekaa?"

"Nilikaa kwa kukataa," mamamkwe alisema. "Magoti yangu yananiuma kila siku, na kila siku nasimama. Ile siku nilikaa."

Mkono wa Mama Futi ukasimama juu ya goti. "Ulikataa nini?"

"Ngazi. Mmempandisha Mungu ghorofani, sisi mkatuacha chini na chaki za watoto. Nilidhani umeelewa. Nilikuona ukiandika."

Usiku huo Mama Futi hakulala vizuri, na asubuhi hakuweza kushona. Alianza kola, akaiacha, akatoka hadi kanisani, akazunguka jengo lililobaki tupu, akarudi. Akamsimulia mumewe, mtu wa maneno machache, na siku hiyo mume aliyatumia yote.

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kati ya mia mbili na kumi na tano. Hata ukiwahesabu sawasawa, wameshindwa. Ukilifumua hili, tingatinga litakwenda kwingine, mvua zitatukuta chini ya turubai, na wewe ndiye utakayelaumiwa. Nyamaza, mke wangu. Acha lijengwe."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomkera Mama Futi. Alichukua daftari la kumbukumbu akaanza kuwatembelea nyumba kwa nyumba wale aliowaandika kuwa wamepumzika.

Bibi muuza vitunguu aliona aibu. "Mimi? Mwanangu, mimi kiatu kilinibana." Mzee mwingine alikiri kwamba alisinzia tangu ubeti wa pili wa wimbo. Lakini wale tisa waliobaki walikuwa wamekataa, kila mmoja kimya kimya, bila kujua kwamba jirani yake naye amekataa. Seremala mstaafu, yule aliyetengeneza madhabahu ya zamani, alimkaribisha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika fimbo.

"Nilikutazama ukinihesabu," alisema. "Ukaandika kitu. Nikajiambia, vizuri, neno langu limeingia."

Mama Futi alilishika daftari kifuani asije akaombwa kulisoma.

"Na kama ukumbi ungekuwa chini, mzee?"

"Ungekuwa chini ningekataa nini? Paa lile lilitushinda hata sisi tuliolipiga misumari."

Jumamosi alipita kwa mchungaji. Mchungaji alijishika kipaji cha uso. "Mama, Jumatatu ni keshokutwa."

"Najua, baba mchungaji. Ndiyo maana nimekuja leo."

"Wewe mwenyewe ndiye umeililia kazi hii miaka minne."

"Nililia mimi. Sasa sijui nilikuwa namlilia nani."

Jumapili, chini ya turubai, alisimama mbele akasoma alivyoandika, halafu akasema kwamba si kweli. Alisema wazee tisa walipiga kura kuikataa ngazi, naye akawaandikia uchovu. Minong'ono ikapita kwenye mabenchi, na kiongozi wa kwaya, kijana wa kifua kipana aliyezoea kuimba akiwa ameshika ndoo, akainuka.

"Mama, hii kweli ni sababu ya kusimamisha kazi? Wazee wetu hatuwaachi. Tutawabeba!"

Vijana wakapiga makofi. Mamamkwe wake Mama Futi akainua mkono akiwa amekaa palepale.

"Mjukuu wangu, ahsante. Lakini mimi nimebebwa mara moja tu, nilipozaliwa. Mara ya pili sitakuwa najua nani amenibeba. Katikati hapo niacheni nitembee."

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mama Futi akaomba kila mtu aketi, hata kwaya, hata mchungaji, na kila mmoja ajibu kwa mdomo wake: tuendelee kesho, au tusimame ukumbi ushuke chini. Alipita benchi kwa benchi. Kazi ile ilichukua muda mpaka kivuli cha turubai kikawahama, na watoto wakaanza kulia njaa. Mwanamke mmoja wa makamo alijibu akimtazama mama yake mzazi pembeni, akabadilisha jibu, akajifuta machozi. Mwisho, mia moja na ishirini na sita walisema tusimame. Themanini na tisa walisema tuendelee, na wengi wao waliondoka bila kuagana. Kiongozi wa kwaya alimpita Mama Futi kama anavyopita nguzo.

Jumatatu dereva wa tingatinga alikuta lango limefungwa na mwanamke mmoja amesimama nje yake.

"Mama, mmeogopa kulibomoa hili?" aliuliza akiuangalia ufa. "Mbona linajibomoa lenyewe?"

"Litasubiri."

"Mimi sisubiri. Nina kazi nyingine ya miezi mitano."

Akageuza. Mama Futi akampigia simu msanifu hapo hapo, vumbi bado liko hewani. Msanifu akamweleza kwamba si suala la kugeuza karatasi juu chini; ukumbi hautaki nguzo katikati, na madarasa yakikaa juu yake mzigo unabadilika, hesabu zote zinaanza upya, idhini ya serikali nayo vilevile.

"Mwaka?" aliuliza Mama Futi.

"Mwaka, kama tuna bahati."

Nyumbani mamamkwe alikuwa sebuleni, ameshapiga pasi leso yake ya kanisani ingawa ilikuwa Jumatatu.

"Limeondoka?"

"Limeondoka, mama."

Mzee aliilainisha leso kwa kiganja. "Litakwisha lini basi, hilo la chini?"

"Msanifu anasema ramani mwaka. Kujenga, labda miwili."

"Mitatu." Mamamkwe alihesabu kwa vidole, polepole, na hakufika mwisho wa hesabu. "Nitaliona?"

Kola aliyoiacha tangu Ijumaa ilikuwa bado chini ya sindano ya cherehani, na nje upepo wa mvua ulikuwa umeanza kugonga dirisha. Mama Futi alitafuta namba ya msanifu, akampigia tena kuuliza mwaka ule ungepunguzwa vipi.