Kwa Nini Baba Mdogo Haamini

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alilileta jiwe lile kutoka mgodi wa urani wa Shinkolobwe akaliweka juu ya televisheni, juu ya kitambaa alichofuma mke wake. Lilikuwa zuri, la manjano iliyochanganyika na kijani, na wageni walilisifu kabla hawajaketi. Tunakaa nao uwanja mmoja: nyumba ya mbele yetu, vyumba viwili vya nyuma vyao. Mke wake alikuwa na mimba ya kwanza.

Mimi nauza unga sokoni, lakini sekondari nilisoma biolojia na kemia. Nilimwambia shemeji alitoe jiwe, kwamba lina mionzi isiyo na harufu wala rangi, nayo humla mtu polepole. Akacheka. Kila akitoka shimoni hunywa maziwa, maana wachimbaji husema maziwa huosha kifua, na gunia lake alikwisha kulipeleka kanisani likapakwa mafuta ya baraka.

"Shemeki, ile radiasio munasemaka, nani aliionaka na macho?"

"Na Mungu unamuombaka kila siku, ulimuonaka wapi?"

"Mungu yeye hajanidanganyaka."

Hasira zilinipanda. Nilitaka kumwambia kwamba sikio la kufa halisikii dawa, nikaimeza methali yangu, kwa sababu mwenye mimba hakuwa yeye. Nilimwendea mke wake, naye akasema bwana ndiye mwenye nyumba.

Binti yangu alikuwa amefundishwa habari za mionzi shuleni mwaka ule ule. Aliniuliza tukichambua maharagwe:

"Mama, juu ya nini baba mudogo haamini? Iko mujinga?"

"Usiseme vile. Iko na akili kupita weye na minye."

Nikamweleza nilivyoweza. Babu yake, baba wa shemeji, alitoka Kasai akaandikwa kazi ya mgodi. Alipoanza kukohoa, daktari wa kazini, mwenye koti jeupe na mashine ya kupiga picha kifua, alimwambia ni mafua tu, arudi kazini. Alirudi, akakohoa mpaka akafa, na shemeji ndiye aliyekuwa akimshikia beseni. Baadaye, shemeji mwenyewe akiwa mchimbaji, walikuja watu na kimashine kinacholia, wakawafukuza wakisema udongo una sumu. Haukupita muda, malori yakaja yakaubeba udongo ule ule. Mpaka leo anauliza ile sumu walimpelekea nani. Nikamwambia mtoto kwamba mtu aliyedanganywa na wenye vipimo hachelewi kuvichukia vipimo vyenyewe.

Alifikiri kidogo.

"Lakini mama, jibwe haiyue ile mambo."

Ni kweli, jiwe halijui nani alimdanganya nani. Nikamtuma maji.

Mtoto wa shemeji alizaliwa fuvu lake likiwa halijafunga. Aliishi usiku mmoja. Kwenye kilio wanawake wa maombi walinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu katika jamaa, na mimi niliyekuwa nimegombana juu ya jiwe nilianza kutazamwa. Shemeji hakuwasikiliza. Alikuja akaketi karibu na binti yangu, macho mekundu.

"Weye unasomaka. Sema kweli. Ni jibwe yangu iliua mutoto?"

Binti alinitazama. Nilikuwa nimemfundisha kusema kweli, na nilikuwa nimemfundisha pia kutomwongezea machungu mtu aliyefiwa. Nikatazama chini.

"Siyue, baba mudogo," akasema.

Shemeji akamshika kichwa, akamshukuru. Nilimpenda sana mwanangu saa ile. Wala hakusema uongo mtupu: watoto wa namna ile huzaliwa hata katika nyumba zisizo na jiwe, na hakuna daktari ambaye angeapa kwamba ni lile. Lakini hakuna daktari ambaye angeliacha jiwe lile pale.

Shemeji aliliacha. Mgeni akiuliza, humjibu: "Hata mutoto wa masomo alisema hayue." Anayasema hayo kwa sauti ya mtu aliyepumzika. Na mke wake ana mimba tena.

Binti aliyasikia maneno hayo Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukila baada ya ibada. Aliweka chini sahani yake, akavuka uwanja. Nilimfuata, sikumzuia.

"Baba mudogo, toa ile jibwe mu nyumba. Iko mubaya. Minye nilikuwa nayua."

Hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alimwangalia, kisha akaniangalia mimi niliyesimama nyuma yake, kama anayehesabu watu wa upande ule. Ndani, mke wake alikuwa amelala kwenye kiti kirefu, mikono juu ya tumbo, akisikiliza.

"Ile siku ya kilio ulisema hauyue," akamwambia. "Ulinidanganya ile siku, ao unanidanganya leo?"

Shemeji alingoja jibu, akangoja kweli, halafu akafunga mlango taratibu.