Tulifunga kamba Kadutu ili mama avuke barabara, ikageuka bariyeri

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi ni mtu wa Bukavu, kwa hiyo Kiswahili changu kina Kifaransa ndani, mnivumilie. Haya yalinipata mwenyewe. Nikiongeza chumvi, majirani zangu wa Kadutu wamo humu, wanisute.

Ilikuwa miaka ya vita. Esansi, petroli yenu, iliuzwa kwenye chupa kama dawa ya kikohozi, magari yakawa ya kuhesabu. Mtu wa mbali angedhani kutembea kwa miguu ilikuwa raha.

Thubutu!

Avenue yetu ni mteremko, na nikisema mteremko namaanisha ule wa kushikana mikono. Baiskeli zilishuka pale kutoka Kabare na makala, ndizi, mabido (madumu) ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Breki hazina. Breki ilikuwa kisigino: jamaa anakandamiza kambambili yake kwenye tairi la nyuma huku anapiga kelele, "Mutoke! Mutoke!" Mvua ikinyesha kambambili inateleza, na yeyote aliye mbele ndiye breki.

Siku moja breki ikawa mama yangu.

Alivunjika mguu. Ulipona, akabaki na fimbo, ila barabara hakutaka hata kuisikia. Na kanisa liko ng'ambo, hatua thelathini tu! Mama aliimba kwaya ile tangu mimi sijazaliwa. Sasa kila Jumapili anakaa dirishani, anasikia wenzake wanakosea, anakunja uso mpaka jioni. Nilijitolea kumbeba mgongoni, akaninyanyulia fimbo: "Miye siko muzigo!"

Iliniuma, wakuu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sina gari, sina cheo, na mama yangu ni mfungwa wa hatua thelathini.

Nikaenda kwa nyumbakumi wetu, Papa Zihindula, yaani mkubwa wa nyumba kumi za pale. Akafikiri sana, maana anapenda kuonekana anafikiri. Kisha akasema: tufunge kamba. Saa ya kanisa na saa ya watoto kutoka masomo tunaivuta barabarani, baiskeli zinasimama, watu wanavuka, tunaishusha.

Nikaona akili hiyo! Nikatafuta kamba, na katikati nikatundika kitambaa chekundu ionekane toka mbali.

Sasa fikirini kidogo. Bukavu. Vita. Kamba katikati ya barabara, na kitambaa chekundu. Kwetu hiyo ndiyo bariyeri ya askari: unaonyesha karte, unaacha kitu, unapita.

Baiskeli ya kwanza ilikuwa ya kijana anaitwa Mugisho. Aliona kamba akasimama kwa visigino vyote viwili, akateremka, akavua kofia, akatoa karte yake ya kitambulisho. Halafu, bila kuulizwa, akaweka mkungu wa ndizi miguuni pangu.

Nikafungua mdomo nimweleze. Papa Zihindula akanikanyaga.

"Pita," akamwambia Mugisho, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Niliahidi ukweli, basi niseme: zile ndizi tulizila. Njaa haina mwalimu. Kesho yake ikaja sombe, kisamvu cha kwetu. Keshokutwa makala. Wiki ya pili Papa Zihindula amevaa buti za mvua na koti refu juani, anasoma karte za watu kwa sauti. Hata mkewe mwenyewe aliombwa karte.

Lakini usalama? Asilimia mia! Hakuna mtu aliyeguswa. Mama alivuka Jumapili mbili mfululizo, akarudi na furaha ya kuwagombeza wenzake wote wa kwaya.

Ndipo ikaja jeep.

Komanda akashuka, akaitazama kamba, akautazama mkungu wa siku ile. "Bariyeri hii iko ya nani?"

"Iko ya mwalimu," akajibu Papa Zihindula papo hapo. Tonton yule, mzee mzima! Koti lilishavuliwa, sijui lini.

Nikasema, "Mon commandant, iko kwa ajili ya watembea kwa miguu."

Akawageukia askari wake. "Watembea kwa miguu? Iyo ni kundi ya wapi tena? Batu ngapi? Biko na silaha?"

Naapa sikucheka siku ile. Nimeanza kucheka juzijuzi.

Mama akatoka na fimbo yake. "Kundi iko miye," akamwambia. "Mutoto wangu alitaka nifike kanisa. Ukitaka kupiga mutu, pigia miye hapa."

Komanda akainama. Akamwangalia mguu. Hakutupiga. Alichukua kamba, akachukua na ndizi, akaenda.

Kesho yake baiskeli zikashuka kama mawe, na mama akarudi dirishani.

Nikakosa usingizi kwa aibu. Asubuhi nikapanda juu wanakopumzikia wale vijana wa baiskeli, nikawaeleza yote, na ndizi pia. Nilijua nitapigwa.

Mugisho akaegemeza baiskeli yake. "Mwalimu! Wiki mbili nakutetemekea, kumbe uko mwalimu tu?" Wenzake wakaangua kicheko. Kisha yeye akaacha kucheka. "Ungesema tu. Na miye niko na maman."

Wakapatana wenyewe palepale: wakifika juu ya kona yetu, wa mbele anapiga filimbi, wote wanateremka kwenye baiskeli na kuzikokota kwa miguu mpaka walipite kanisa.

Jumanne nikamwona mama amevaa liputa, kitenge chake cha Jumapili, anatoka. Akasimama ukingoni. Filimbi ikalia. Baiskeli sita zikasimama, Mugisho mbele, anatweta, ameushika mzigo kwa mikono miwili. Mama akavuka polepole. Akafika ng'ambo, akageuka, akavuka tena kurudi.

"Mama, leo kanisa limefungwa!"

"Najua. Nilitaka kuona mutu anasimama nipite, na hakuna bunduki."

Wakuu, funzo langu ni hilo. Tulihangaika na kamba wakati wenye baiskeli walikuwa juu pale, wana masikio na wana mama zao. Huko kwenu watu wanavukaje? Semeni, na wa kunitukana kwa zile ndizi aanze, nimekaa.