Meseji Niliyowatumia Mashabiki Imemtoa Dada Yangu Nyumbani Kwake

Admin, jina langu na la kundi letu yaache pembeni, maana Bujumbura ni ndogo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, naishi Musaga na mtoto wangu mmoja. Natangaza michezo ya kundi la teatre, ile ya jukwaani ya kuimba na kucheza. Mashabiki wetu wanaishi kwenye simu, kwa hiyo kazi yangu ni kuwafuata hukohuko.

Mwaka jana tulicheza kisa cha msichana anayeitwa Inès, ambaye mchumba wake anasafiri na harudi. Watu walilia ukumbini. Mimi nikaweka daftari mlangoni: jina lako, namba yako, na umekuja na nani, peke yako, na rafiki, na bibi au na bwana. Nilitaka baadaye kila mtu apate meseji inayomfaa. Mwaka huu tulipoandaa sehemu ya pili, nilikaa wiki tatu nikipanga. Meseji ya kwanza iwakumbushe Inès, ya pili iwe sauti yake akiimba, ya tatu itaje siku na mahali. Zote ziwe na jina la kundi, ili mtu ajue nani anamwandikia.

Mkubwa wetu alizisoma akasema zinafanana na tangazo la kukatwa maji. Akafuta jina la kundi, akaandika yake: "Mpenzi, umeshanisahau? Mi nakungoja bado. Jumamosi saa kumi, palepale. Usikose. Inès." Nikamwambia wengine wana wake na waume nyumbani. Akanijibu kwamba shabiki wa kweli ataelewa, na asiyeelewa atauliza, na huko kuuliza ndiko kutangaza kwenyewe. Nilibishana naye siku nzima mpaka nikachoka. Jumatano jioni nikaituma. Kidole kilichobonyeza ni changu, siwezi kukikana.

Alhamisi asubuhi dada yangu mkubwa alikuwa mlangoni kwangu na watoto wake watatu na mabegi mawili. Ameolewa miaka kumi na moja, wanakaa Kibenga, na shemeji anafanya kazi kwenye depo kule Zone Industrielle, kwenye viwanda. Meseji iliingia shemeji akiwa anaoga, dada akaisoma. Akapiga ile namba, haikupokelewa, kwa sababu ni laini ya kutuma meseji tu. Shemeji alimwambia hajui kitu, na dada hakumwamini. Alikaa kwenye kitanda changu akasema kwa sauti ya chini, "Anamuita mpenzi. Na wako na fasi yao, palepale."

Niliona aibu, lakini pia nikapumua, maana nilijua dawa ninayo. Nikamweleza yote, nikamwonyesha simu ya kazi na meseji ileile ikiwa imeenda kwa watu wengi. Aliisoma mara tatu. Uso ukaanza kulegea. Halafu akaniuliza, "Sasa namba yake mulitoa wapi? Bwana yangu haendaka teatre."

Nikasema nitaangalia. Nilidhani ni jambo dogo, labda kuna aliyekosea tarakimu moja. Ijumaa nikafika kazini, nikafungua daftari. Jina la shemeji lipo, kwa mwandiko wake ninaoujua, onyesho la Jumapili mwaka jana. Na pale pa kusema umekuja na nani, ameandika: na bibi.

Jumapili ile mimi na dada tulikuwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwenye matanga ya shangazi yetu. Mlangoni alikaa mwenzangu mwingine. Dada yangu hajawahi kukanyaga ukumbi ule.

Nilimpigia shemeji. Nikamwambia nilichokiona kwenye daftari. Akasema, "Shemeji, we sema tu ni we uliweka namba yangu, juu sisi ni familia. Meseji ni makosa yenu, si yangu. Mutanivunjia nyumba juu ya teatre?" Nikamuuliza mwanamke huyo ni nani. Akasema ni mutu wa kazini, mambo yalikwisha zamani, akakata.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwenye meseji ana haki kabisa. Ameshtakiwa kwa kosa ambalo hakufanya, na lile alilofanya, kwenye familia nalijua mimi peke yangu.

Jumamosi ukumbi ulijaa, wengine walisimama. Mkubwa alinisifu mbele ya wote na kusema kampeni ijayo iwe hivyohivyo. Nilipomvuta pembeni nikamweleza yaliyonipata, alisema hayo ni ya familia yetu, ila daftari lisitoke ofisini. Na kwa hilo yuko sahihi, kwa sababu ni mimi niliyewaahidi wale watu mlangoni kwamba majina yao hayataonyeshwa mtu.

Jumapili inayokuja wajomba wa shemeji wanakuja kumrudisha dada, na mimi ndiye nitakayeitwa kueleza habari ya meseji. Shemeji ananiandikia kila siku kunikumbusha la kusema. Dada hanisukumi. Jana tulikuwa tunachambua mboga za lengalenga, akaniambia bila kuinua macho, "Kama we unasema nirudi, nitarudi. Siulizi mutu mwingine."

Nikisema nusu ya ukweli, anarudi Kibenga kwa neno langu. Nikisema wote, nyumba ya watoto watatu inavunjika mkononi mwangu, na nimevunja na ahadi ya kazi. Nikinyamaza, atajua kwamba kuna kitu. Ndugu zangu mnaosoma, mimi kichwa kimegota. Ninyi mngesema nini mbele ya wale wazee? Niambieni kabla ya Jumapili. Na tafadhali msinitukane, hiyo kazi nimeshajifanyia mwenyewe.