Vigingi vya Antipasi

Hebu mwone anavyorudi kijijini Mgori: baiskeli anaikokota, kamba ya katani begani, vigingi vinagongana kwenye kikapu. Watoto wanamwamkia shikamoo, naye anaitikia huku anatazama vumbi linaelekea wapi.

Huyo ndiye Antipasi, fundi aliyejenga darasa la kwanza la kijiji chetu cha ujamaa. Upepo wa kiangazi ulilibeba paa lake watoto wakiwa ndani. Hakuumia mtu, lakini fundi hakutulia tena. Sasa watoto wanasomea ghalani, na kamati imemwita ajenge upya. Anajua hataitwa mara ya tatu.

Akapiga kigingi, akavuta kamba. Akanyoosha kiganja hewani. Akaking'oa, akahamia pengine. Watu wa msaragambo, waliokuja kujitolea, wamesimama na majembe, wanangoja.

"Baba Leah," akasema Damari wa kamati, "unajenga shule au unafunga mbuzi? Upepo huu ningekuwa napepeta mtama."

Wakacheka.

"Subiri, mama. Bado nausikiliza."

"Ukimaliza mazungumzo yenu, tuite!"

Mwisho akaliona pori dogo la miyombo upande wa mashariki, unakotoka upepo. Akaligeuza darasa, mgongo uelekee huko, liegemee miti. Ukuta wa nyuma mnene, madirisha yote mbele, na baraza ya kuzuia jua la alasiri.

Mzee Mughwai akautazama ukuta ule mnene, akanung'unika, "Tumetolewa kwenye nyumba za tembe, udongo mpaka juu, leo wajukuu mnawarudisha?"

"Ni ukuta tu, mzee wangu. Juu ni mabati."

Kuta zikapanda. Mawingu nayo yakaanza kujikusanya, na matofali yalikuwa mabichi. Antipasi akawa hakai, hali, anazunguka tu. Boriti za paa zitoke wapi?

"Kateni hapo karibu," akasema. "Haraka!"

Tukakata. Miti mizuri, imenyooka. Paa likawahi mvua, tukapiga vigelegele. Damari peke yake alishika kiuno, akitazama mashariki. Kulikuwa kweupe mpaka kwenye majabali.

"Baba Leah, sasa mgongo umeegemea nini?"

Kesho yake alianza kuchomeka minyaa, ile miti ya ua, pale penye visiki, mstari kwa mstari. Mvua zimepita, minyaa imefika magotini. Kila bati likilia, anatoka nje.

Mwezi wa upepo umekaribia, na ghala linatakiwa kwa mavuno. Kamati inangoja neno lake: watoto waingie darasa jipya, au wasiingie. Ungekuwa wewe umeshika ile kamba, ungesemaje?