Ufa Katika Zeze la Kimongolia

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa chochote. Nilikuwa seremala, nimetoka kupachika milango kwenye nyumba za mtaa wa Mirdif, na mikono yangu ilizoea nyundo. Mkuu wa Karakana, mama wa Kijapani ambaye sote tulimwita Madam, alinikalisha mbele ya kakejiku, picha ya kutundika inayokunjwa kama mkeka, akaniambia niitazame tu.

"Umeona nini?" akaniuliza adhuhuri.

"Imekauka, Madam. Inataka kukatika kwenye mikunjo."

"Basi kesho uje."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye utunzaji wa sanaa za kale, katika kituo kimoja cha utamaduni hapa Dubai. Adui yetu alikuwa kiyoyozi, maana hunyonya unyevu wote hewani. Madam alinifundisha kupika gundi ya ngano, uji mwepesi unaochujwa hadi ulainike, na kuipaka kwenye washi, karatasi ya Kijapani iliyotengenezwa kwa magome ya mti, nyembamba lakini haichaniki ovyo. Gundi ile hubanduka kwa maji, ili fundi atakayekuja baadaye aweze kurekebisha kazi yako.

Baada ya miaka mingi nikahamishiwa chumba cha ala za muziki. Bosi wangu huko alikuwa Mwalimu wa Muziki, mzee wa Kimongolia. Alipiga zeze la nyuzi mbili za singa za farasi, lenye kichwa cha farasi kilichochongwa juu ya shingo. Alilirithi kwa baba yake, na kwa hilo aliwafundisha watoto wa Kimongolia waliozaliwa hapa hapa mjini.

Jumatatu moja tulikuta mashine ya kuongeza unyevu imezimika na ubao wa mbele wa zeze umepasuka. Mwalimu aliketi, akalipakata. Mkurugenzi akaja, akalitazama.

"Khalas, limekwisha," alisema kwa upole. "Tuliweke kabatini, kwenye vioo. Watu watasikiliza rekodi. Na darasa tulifunge."

"Sir," Mwalimu akasema, "watoto hawa hawajawahi kuiona nchi yao. Wana sauti hii tu."

Madam, aliyekuwa mlangoni, akaingilia. "Tupe wiki moja kwanza, sir."

"Inshallah," akajibu Mkurugenzi. "Likipona, darasa linaendelea."

Nikabandua ubao wa nyuma kwa kisu chembamba na maji moto. Ufa nikauunga kwa gundi ya ngozi. Kisha Madam akapitisha mkono ndani, akabandika vipande vya washi juu ya maungio, kimoja baada ya kingine. Mwalimu alisimama nyuma yetu. Nilikuwa nikisikia anavyohema.

Tukaurudisha ubao wa nyuma, na gundi ilipokauka tukamwita Mkurugenzi. Mwalimu alikaza nyuzi kidogo kidogo, nami nimetega sikio nisikie kama ubao utalia kwa kupasuka tena. Haukulia. Akavuta upinde. Sauti ilitoka nzito kidogo kuliko zamani, lakini ilikuwa ni ile ile, na Mwalimu akafumba macho akaendelea kupiga. Madam alikaa chini sakafuni na aproni yake, akacheka peke yake. Sikuwahi kumwona vile.

"Mabrouk, hongereni," Mkurugenzi akasema. "Watoto waje kesho."

Sasa nimestaafu, naishi Al Nahda kwa binti yangu. Nafasi yangu ameishika Akinyi, dada wa Kikenya niliyemfundisha mwenyewe. Vijana huniuliza ilikuwaje mimi Mzanzibari nimalize umri wangu nikitunza vitu vya Wajapani na Wamongolia. Nawaambia kuwa vilikuwa mikononi mwangu, na wenyewe walivipenda. Nikavipenda na mimi.

Mwezi uliopita simu iliita asubuhi, nikaona jina la Akinyi. Nikashika ukuta.

"Kumeharibika nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mzee. Kila kitu kiko sawa," akasema. "Nimepiga tu kukusalimia."

Nikakaa kitako, tukaongea habari za watoto wake hadi chai yangu ikapoa.