Mtaro wa Nyololo

Mkiniona leo nalalamikia baridi, mjue nilidekezwa na tingatinga. Miaka ile ya hamsini, barabara ya Iringa kwenda Mbeya ilipokuwa ikitengenezwa, tuliishi kambini Nyololo. Jioni mume wangu alipozima mashine yake, sisi wanawake tulikuwa tumeshapanga karai. Maji ya moto ya rejeta, yaliyomwagwa yasije yakaganda, ndiyo tuliyoogeshea watoto. Yalinuka chuma na mafuta. Nikiyakumbuka natamani kulia.

Udereva mume wangu alijifunza Burma, alikokuwa askari katika Vita Kuu ya Pili. Alichimba, akasawazisha, akang'oa visiki. Lakini penye kufukia shimo alimwachia dereva mwenzake. Nikamwona mvivu wa kuchagua kazi.

Siku moja mwenzake akaugua. Msimamizi akaamuru mtaro wa zamani kando ya barabara ufukiwe kabla ya jioni. Mume wangu akazima mashine. Akaambiwa asipowasha, kesho afungashe virago. Habari iliponifikia nikaenda mbio, mtoto mgongoni, nimefura kwa hasira.

"Baba watoto, umerogwa? Tutakula nini?"

Hakunitazama. "Kule Burma waliniambia nifukie wenzetu waliouawa. Wengi, mama. Hakuna ndugu aliyewatupia hata udongo wa mkono. Niliwasukuma tu kama takataka. Nikiona shimo, nawaona wao."

Hasira zikaniishia palepale. Kwetu maiti hafukiwi kabla ndugu hawajamtupia udongo. Hilo hata mtoto analijua. Nikainama, nikachota, nikatupa mtaroni. Wanawake wenzangu wa kambini wakauliza kuna nini, nikawaeleza, nao wakatupa mmoja mmoja. Mmoja wao, ambaye kaka yake hakurudi kutoka vitani, akaangua kilio. Tukalia naye, mtaro wenyewe mtupu! Msimamizi alituona wendawazimu.

Mume wangu akapanda, akawasha, akafukia polepole, kofia yake ameiweka magotini. Jioni ile maji yalikuwa ya moto kama kawaida.

Miaka mingi baadaye tulimzika yeye. Vijana walishashika makoleo, wanataka kumaliza upesi. Nikawazuia. Kila mtu, mpaka vitukuu, alitupa udongo wake kwanza, na mwenye haraka nilimwambia aende zake.

Mimi nilitupa mara mbili. Mara ya pili ilikuwa ya wale wa Burma.