Kaburi la Kando ya Reli ya Kiwanda

Reli ya kiwanda haikuwa na jina. Ilichepuka kutoka reli kubwa karibu na stesheni ya Ifakara, ikakatiza mbuga ya majimaji juu ya tuta la udongo mwekundu, ikaingia kwenye geti la kiwanda cha kukoboa mpunga na kuishia kwenye jukwaa la kupakilia. Ilikuwa fupi, unaimaliza kwa miguu kabla jasho halijatoka. Nilipoletwa Ifakara kufundisha shule ya msingi, mabehewa yalikuwa bado yanaingia matupu na kutoka na mchele, na kijana aliyekuja kuwa mume wangu ndiye aliyekuwa akiyaunganisha. Aliringia kazi ile mno. Alitembea juu ya chuma kimoja, mikono mfukoni, akijua fika kwamba wasichana tunamtazama.

Miaka ya tisini ilipoanza, kiwanda kikayumba. Kwanza walisema mashine inasubiri kipuri, halafu kipuri kiko njiani, halafu wakaacha kusema. Watu wakapunguzwa, mume wangu akiwamo. Behewa moja lilisahauliwa uani mpaka mbuzi wakalifanya nyumba. Nikabaki mimi na chaki zangu kulisha watoto, na yeye akaenda kulima mpunga Namawala kwa shingo upande. Jioni, akirudi nyumbani kwetu Lipangalala, alipenda kuzunguka apite juu ya reli ile. "Hawa watarudi tu," alisema, mwaka hata mwaka. Mimi niliichukia reli ile kwa sababu ilikuwa inamdanganya mume wangu, naye alikuwa anapenda kudanganywa.

Kisha zikaja mvua kubwa za mwaka tisini na nane. Maji yalifuta mashamba, yakafuta njia, watu wakawa wanapita kwa mitumbwi mahali walipozoea kuendesha baiskeli. Mtoto wetu wa mwisho, wa kike, alikuwa anajua neno moja la kuomba, "leta", na alilitumia kwa kila kitu, hata kwa jogoo wa jirani. Alishikwa na homa, ikapanda, likaja degedege. Tulimfikisha hospitali wakahangaika naye usiku kucha. Asubuhi alifariki.

Makaburini kulikuwa na maji. Vijana walichimba, na kabla shimo halijafika magotini likawa limejaa. Wakahamia pengine, ikawa vilevile. Nikasema mwanangu sitamtumbukiza majini, wanizike mimi kwanza. Wanajumuiya wenzetu wa kanisani wakashauriana pembeni, na mmoja wao akasema kwamba ardhi kavu iliyobaki upande ule ilikuwa tuta la reli. Ndivyo tulivyomzika pale. Mume wangu alichagua mahali mwenyewe, ubavuni mwa reli, mkabala na maungio ya vyuma viwili ambayo yalikuwa yamepoteza nati moja. Tukaweka msalaba wa mbao.

Kwetu kaburi halijengewi siku ya maziko. Mnasubiri, ndugu wanakutana, mnasali, mnapika, ndipo mnaweka msalaba wa saruji. Sisi tulikuwa bado tunasubiri, na mchwa wakaumaliza ule wa mbao. Haikunipa shida sana. Kila Jumapili baada ya misa nilitembea juu ya tuta nikitazama maungio, na nilipoiona nafasi ya ile nati nilijua nimefika kwa mwanangu. Reli niliyoichukia ikawa ndiyo inayonionyesha njia.

Mwaka uliofuata mume wangu aliingia jikoni akiwa na uso uliochangamka, uso ambao sikuwa nimeuona kwa miaka mingi.

"Mama watoto, nimepata kibarua."

"Cha nini?"

"Kiwandani. Kimeuzwa. Wanang'oa reli."

Niliweka mwiko chini. "Na mtoto?"

"Ndiyo maana nimekubali. Si afadhali niwepo mimi, kuliko mtu asiyemjua?"

Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia, maana alikuwa na haki. Lakini aliitoa ovaroli yake ya zamani, akaishona mabega huku anapiga mluzi, na mluzi ule uliniuma. Niliona ameirudia kazi yake na mimi ameniachia msiba.

Walianzia upande wa stesheni. Alipofika penye kaburi aliomba nafasi kwa msimamizi, akachukua taruma moja, yale magogo ya mbao yanayolaliwa na vyuma, akalisimamisha kichwani pa mtoto na kulifukia mpaka nusu. Jioni alinipeleka nikalione. Nililisukuma kwa nguvu zangu zote, halikutikisika. Nikamshukuru, na siku hiyo nilikula nikashiba.

Ila yeye alikuwa katika kundi la mbele, la kufungua nati. Nyuma yao lilikuja kundi lingine, watu walioletwa na trekta kutoka Kidatu, wakaambiwa wakusanye mataruma yote, lisibaki hata moja. Watu wale walifanya walichoambiwa. Walilikuta taruma limesimama, wakalichimbua, wakalipakia pamoja na mengine. Kisha wakakwangua kokoto.

Jumapili nilipanda juu ya tuta nikakuta pameparuzwa kutoka mwanzo hadi mwisho, kote kunafanana. Nilikwenda nikarudi, nikakwenda tena na sketi yangu ya kanisani. Nilirudi nyumbani, nikamkuta mume wangu anakunywa chai, nikamwambia, "Inuka ukanionyeshe."

Aliacha chai yake, akainuka. Kule juu alitembea taratibu akitazama paa la kiwanda, akigeuka kutazama stesheni, akipima kwa macho. Alisimama mahali, akatikisa kichwa, akarudi nyuma. Akasimama tena.

"Hapa," alisema.

"Una uhakika?"

"Mimi ndiye niliyemlaza."

Hilo halikuwa jibu. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumtupia, mabaya, ya kumaliza ndoa. Nikamtazama. Alikuwa hajui. Alikuwa hajui kabisa, naye alikuwa akisubiri kama nitamwamini.

Nikapiga magoti pale alipoonyesha, nikaanza kuokota kokoto zilizobaki na kuzipanga mstari wa urefu wa mtoto. Baada ya muda naye akapiga magoti upande wa pili, akaanza kupanga mstari wake.